Barua ya wazi kwa wakuu wa kituo cha televisheni: tunaomba nusu saa ya anga

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Ndugu Mkuu wa Idara ya Vipindi,

YAH: KIPINDI CHA ELIMU YA ANGA KWA KISWAHILI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima na taadhima. Jina la kituo chenu silitaji, kwa sababu sina nia ya kumwaibisha mtu. Mtakapoisoma barua hii mtajijua. Suala hili nililileta kwenu kwanza kwa njia za kistaarabu. Barua ikagongwa muhuri wa "imepokelewa" na habari yake ikaishia hapo. Simu ikahamishwa kutoka meza hadi meza. Mapokezi nikaambiwa mhusika yuko kikaoni, na nadhani kikao hicho hakijaisha mpaka leo. Ndiyo maana naandika hadharani.

Naandika kwa ajili ya marehemu mmoja, Mwingereza, ambaye huenda baadhi yenu hamjapata kumsikia: Sir Patrick Moore. Alifariki tarehe 9 Desemba 2012, akiwa na miaka 89, nyumbani kwake Selsey, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Januari 2013, BBC ilirusha kipindi chake cha mwisho, alichokuwa amekirekodi kabla ya kufa. Kipindi hicho cha nyota na sayari, The Sky at Night, alikianza tarehe 24 Aprili 1957 kwa kuzungumzia nyota yenye mkia iliyoitwa Arend-Roland, iliyokuwa ikionekana angani siku zile. Hesabuni wenyewe: miaka 55, kila mwezi, mtangazaji yule yule. Mara moja tu alikosekana, Julai 2004, alipougua baada ya kula yai bovu la bata bukini. Duniani kote hakuna mtangazaji mwingine aliyeshika kipindi kimoja cha televisheni kwa muda kama huo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia Mbeya. Moore nilimfahamu kwenye rafu ya maktaba, kupitia vitabu vyake (aliandika zaidi ya 70), na baadaye vipindi vyake nikavitazama kwenye simu, picha zikikwamakwama. Nitaeleza kwa kirefu kidogo alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu kila kisingizio nilichopewa ofisini kwenu, maisha ya mzee huyu yana jibu lake.

Alizaliwa mwaka 1923. Utotoni alisumbuliwa na moyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo yake aliyapata nyumbani. Akiwa na miaka 6 alikuta kitabu cha mama yake kuhusu sayari, akakisoma, na hapo ndipo alipozama. Akiwa na miaka 11 alipokelewa katika chama cha wanafalaki, yaani wachunguzi wa nyota na sayari, cha Uingereza, na akiwa na miaka 13 aliandika makala ya kitaalamu kuhusu mashimo madogo ya Mwezini. Chuo kikuu hakusoma. Vita vilimkuta kijana, na vilipokwisha akawa mwalimu wa shule, mtu wa chaki kama mimi. Jioni zake zilikuwa za Mwezi: aliuchora kipande kwa kipande kupitia darubini zake mwenyewe. Oktoba 1959, chombo cha Wasovieti, Luna 3, kilipopiga picha za kwanza za ule upande wa Mwezi ambao hatuuoni kutoka duniani, michoro ya Moore ilikuwa miongoni mwa waliyoitumia kulinganisha, naye alizionyesha picha hizo hewani kwa Waingereza. Miaka kumi baadaye, Neil Armstrong alipokanyaga Mwezini, Moore alikuwa studioni akiwaeleza watazamaji kinachoendelea. Armstrong mwenyewe alikuja kukaa naye kwenye kipindi mwaka 1970.

Kwa sura hakuwa mtu wa televisheni. Suti zilimpwaya, nyusi zilijisimamia zenyewe, na jichoni alibana kioo kimoja cha duara kama mtu wa karne iliyopita. Aliongea kasi ya ajabu. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja, wakiwa hewani moja kwa moja, nzi aliingia kinywani, akammeza, akaendelea na sentensi. Tarehe 1 Aprili 1976 aliwatania wasikilizaji wa redio kwamba saa 3:47 asubuhi sayari Pluto itapita nyuma ya Mshtarii, uzito wa watu utapungua, na atakayeruka wakati huo atahisi anaelea. Watu wakapiga simu kuthibitisha kwamba wameelea! Mtu anayeaminiwa kiasi hicho anaweza kuwafundisha watu lolote.

Alichowafundisha kilikuwa rahisi kutumika. Hakumtaka mtazamaji aishie kuvutiwa na picha. Alimtaka atoke nje. Alieleza sayari gani inaonekana mwezi huu, upande upi, saa ngapi. Aliwashauri wasipoteze fedha kununua darubini za bei rahisi, bora waanze na darubini ndogo ya macho mawili, ile ya watalii. Na barua alizijibu. Mtoto aliyemwandikia kuuliza kwa nini Zuhura inang'aa alipata majibu yaliyopigwa kwa taipureta aliyokuwa nayo, ya mwaka 1908. Linganisheni na ule muhuri wangu wa "imepokelewa".

Sitamfanya malaika. Moore alikuwa na siasa zilizojaa chuki kwa wahamiaji, na aliwahi kulaumu hadharani kwamba wanawake wameiharibu BBC. Mwafrika anayemsifu lazima alimeze hilo kwa uchungu. Lakini historia ina namna yake ya kujibu. Msichana mmoja wa London, aliyezaliwa na wazazi kutoka Nigeria, alikuwa akiomba aruhusiwe kuchelewa kulala ili amtazame Moore. Akakua, akawa mwanasayansi wa anga, na tangu Februari 2014 ndiye mmoja wa waliokalia kiti chake. Anaitwa Maggie Aderin-Pocock. Kipindi kilikuwa na nguvu kuliko mawazo mabaya ya mwenye kipindi.

Sasa nije kwenye malalamiko yangu.

1. Ratiba yenu ina muda wa nyota za bahati, haina muda wa nyota zenyewe. Kila wiki mnampa nafasi mtabiri atuambie waliozaliwa kwa Nge watapata fedha na wa Mizani wajihadhari na rafiki. Kundi la Nge nawaonyesha wanafunzi wangu angani kwa kidole, na mkia wake uliojikunja unaonekana wazi bila darubini. Kwenye runinga yenu hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

2. Matukio ya anga mnayaripoti kama vioja, tena yakishapita. Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilibaki pete ya moto juu ya Rujewa, wilayani Mbarali, jirani yetu kabisa. Watu walimiminika kutoka kila upande. Kamera zenu zilichukua umati, mkuu wa msafara na mama ntilie, vyote sawa; ila sekunde za kueleza kwa nini ilibaki pete na halikuzibwa lote zilikosekana. Jibu lenyewe ni fupi: Mwezi siku ile ulikuwa mbali kidogo na sisi, kwa hiyo ulionekana mdogo na haukuweza kuliziba Jua lote. Tarehe 7 Septemba 2025 hali ikawa mbaya zaidi. Kuanzia saa 2:30 usiku mpaka saa 3:52, Mwezi ulikuwa ndani ya kivuli cha Dunia, mwekundu, juu ya Afrika Mashariki nzima. Nyinyi mlikuwa na tamthilia iliyotafsiriwa. Sina ugomvi na tamthilia, mke wangu anaifuatilia. Lakini usiku ule wanafunzi walinionyesha jumbe za damu na kiama zinazozunguka kwenye simu zao, na hakukuwa na sauti ya kuwaambia kwamba mwanga wa Jua ukipita kwenye angahewa pembeni mwa Dunia hupindwa, rangi ya bluu hutawanyika njiani, na nyekundu ndiyo inayofika Mwezini. Maneno hayo yangetosha kupita chini ya skrini huku tamthilia ikiendelea.

3. Kila mwaka taifa zima huwa linatazama juu, nanyi mnalitazama taifa. Nazungumzia mwandamo wa mwezi. Siingilii mambo ya dini. Wenye mamlaka ya kutangaza wapo na nawaheshimu. Ila mjadala wa nani kauona na nani hakuuona hujaza vipindi vyenu siku mbili mfululizo, bila mtu wa falaki kukaribishwa aonyeshe kwa mchoro mwezi mwandamo unakuwa wapi Jua likizama, unakaa muda gani kabla ya kuzama nao, na kwa nini mtu wa magharibi anaweza kuuona siku ambayo wa mashariki hakuuona.

4. Lugha. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, mnivumilie nikirefusha. Falaki ya msingi imo kwenye fizikia ya kidato cha nne, na inafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anakariri majina ya makundi ya nyota kwa lugha ya kigeni, anajibu mtihani, anasahau. Bibi yake kijijini anakijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, bila mtihani. Wahenga wa pwani walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kalenda ya kilimo iliyoandikwa angani, na mtoto wa leo haijui. Wala tusijidanganye kwamba Kiswahili hakijafika huko juu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Waliiita Uhuru, kwa sababu siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Ilisaidia kufichua tabia ya Cygnus X-1, kitu cha angani ambacho wataalamu wengi walikuja kukikubali kuwa ni shimo jeusi, lenye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka. Mpaka leo wanafalaki wa Japani na Marekani wakiandika majina ya vyanzo vya miale hiyo, baadhi huanza na 4U, na hiyo U ni Uhuru yetu. Na mwaka ule ule 1957 ambao Moore alianza, miezi miwili tu baadaye, tarehe 27 Juni, BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Moore na lugha yetu walianza kazi karibu pamoja. Yeye alipewa usiku mmoja kila mwezi. Kiswahili, kwenye kituo chenu, hakijapewa hata mmoja.

5. Kumbukumbu. Kipindi kifupi kuhusu kimondo cha Mbozi, kile chuma cha tani zipatazo 16 kilicholala Ndolezi, mliwahi kukirusha, nilikiona. Nilipokiomba kwa ajili ya darasa niliambiwa hakipo tena. BBC nao walikosa hivyo hivyo: kanda zilikuwa ghali, wakafuta na kurekodi mengine juu yake. Vipindi vingi vya mwanzo vya Moore vimepotea, pamoja na sehemu kubwa ya matangazo yao ya studio ya usiku wa Apollo 11, ile safari ya Armstrong Mwezini. Leo wanavitafuta kwa watu binafsi waliorekodi nyumbani. Wao waliponzwa na bei ya kanda. Nyinyi mnaponzwa na nini, wakati diski inabebwa mfukoni?

Najua mtakachosema. Kwamba hakuna watazamaji. Moore aliwekwa usiku sana, wakati watu wa kawaida wamelala, na bado alidumu. Mwaka 2013, baada ya kifo chake, zilipoenea habari kwamba kipindi kitafutwa, makumi ya maelfu ya watu walitia saini kupinga, kikabaki.

Mtasema hakuna fedha, na wadhamini siku hizi ni kampuni za kubeti. Kipindi cha Moore kilikuwa miongoni mwa vipindi rahisi kabisa kutengeneza. Uzeeni, miguu ilipomshinda, kilirekodiwa ndani ya chumba chake cha kusomea huko Selsey: mzee kitini, wageni wawili watatu, chati ya nyota. Kituo kinachoweza kurusha watu wanne wakibishana penalti kwa saa mbili kinaweza kumudu chati ya nyota.

Mtasema hatuna mtaalamu. Tunao kwenye vyuo vyetu, na tuna walimu. Mnayemhitaji ni mtu anayetazama anga mwenyewe, anayejua kusema "toka nje", na asiyeona aibu kukiri hewani kwamba jambo fulani halijui. Shahada si sharti. Moore alizopata zote zilikuwa za heshima.

Mtasema vijana wako kwenye mitandao. Wapo, na huko ndiko walikokutana na zile jumbe za damu na kiama.

Kuhusu mawingu ya masika sina jibu, isipokuwa kwamba aliyedumu miaka 55 alikuwa akitangaza kutoka Uingereza. Na anga tuliyopewa sisi ni tajiri kuliko yake. Kutoka bustani ya Selsey Moore hakuweza kuiona Salibu ya Kusini, zile nyota zilizopangana kama msalaba, wala nyota ya Alfa Sentauri, wala yale Mawingu ya Magellan, ambayo ni galaksi mbili ndogo zinazoonekana kama vipande vya wingu. Mbeya, mwezi Mei, mapema usiku, mtu akigeukia kusini anaiona Salibu, akigeukia kaskazini zinamtazama nyota saba za Dubu Mkubwa, chini kidogo juu ya upeo. Anga zote mbili kwa mtu mmoja aliyesimama uani kwake.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na nimejitahidi yasiwe ghali. Mtupe nusu saa moja kila mwezi, kwa Kiswahili, siku na saa isiyobadilika, jioni ambayo mtoto hajalala. Mtangazaji awe mmoja, adumu, watu wamzoee. Msitubadilishie kila msimu. Kila kipindi kiishe kwa maelekezo ya kutazama: upande upi, saa ngapi, kitu gani. Barua na ujumbe wa watazamaji vijibiwe, hata kama ni kwa mistari miwili. Kila kilichorekodiwa kitunzwe, na shule ziruhusiwe kukipata bure. Na kabla ya yote, mtangaze mapema elimu ya usalama wa macho. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litazibwa kabisa kwa zaidi ya dakika 6 huko Luxor, Misri, kivuli kivuke hadi Makka na Yemen, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki itaona Jua limemegwa. Tarehe 21 Mei 2031 pete ya Jua itapita tena katika ardhi ya Tanzania. Miwani ya jua ya kawaida haimkingi mtu, filamu ya eksirei haimkingi, chupa iliyopakwa masizi haimkingi. Mtoto akiunguza retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho, hasikii maumivu. Anagundua baadaye, na dawa haipo. Mkishindwa mengine yote, hili msishindwe.

Kama jibu ni hapana, niandikieni hapana, pamoja na sababu. Nimeomba majibu ndani ya siku 30 tangu barua hii kutoka. Yakija, nitayasambaza neno kwa neno bila kuongeza chumvi. Na kama mtasema ndiyo lakini hamna pa kuanzia, paa la maabara yetu liko tambarare, umeme upo siku nyingi, na wanafunzi wa kidato cha nne wameshajifunza kuielekeza darubini kwenye Zohali na kuzishika pete zake kwenye kioo. Leteni kamera moja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Shule ya Sekondari, Mbeya.

Nakala:
Mhusika aliye kikaoni.
Wazazi wa wanafunzi wa kidato cha nne.
Yeyote aliyeuona Mwezi mwekundu tarehe 7 Septemba 2025 na hakuelezwa kitu.